Aliyeliokota Shanta la Miska

Simu iliyonitia hofu kuliko zote maishani mwangu ilianza kwa adabu. Mtu aliuliza kama anasema na mama yake Miska, akaomba radhi kwa usumbufu, kisha akauliza kama nina nafasi ya kuzungumza. Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa Agosti 1999, saa kumi kasoro dakika ishirini za mchana. Nilikuwa ndiyo kwanza narudi kutoka kazini, kwenye nyumba ya wazee kule Plumstead, hata viatu sijavua. Nilisimama kwenye ujia mwembamba wa flati yetu ya Woolwich, mkono mmoja umeshika simu, mwengine umeshika mfuko wa ndizi mbichi nilizotoka nazo sokoni.

"Ndiyo," nikamjibu kwa Kiingereza. "Mimi ni mama yake. Kuna nini?"

Kwanza nieleze Miska alikuwa wapi.

Miska ni mtoto wetu wa pekee, mimi na mume wangu Sultan. Alizaliwa hapa hapa London, miaka saba baada ya sisi kutoka Pemba. Mwaka ule alikuwa na miaka ishirini, yuko chuo kikuu, na majira yote ya baridi alikuwa akifanya kazi Jumamosi katika duka la viatu Stratford. Hatukujua anaweka akiba ya nini mpaka siku alipotutandazia ramani ya Marekani juu ya meza ya chakula. Alitaka kuivuka nchi ile kwa basi, kuanzia New York hadi California, na shanta mgongoni, akilala katika hosteli. Mimi sikujua hosteli ni kitu gani. Akanieleza: ni nyumba za wasafiri vijana, chumba kimoja vitanda sita au vinane vya kupandana, jiko moja la wote, na wanaolala humo hawajuani.

"Hawajuani?" nikamuuliza.

"That's the point, Mum," akanijibu, yaani hiyo ndiyo raha yake. Kiswahili alikuwa akikisikia chote, lakini tangu alipoanza skuli hakupata kunijibu kwa lugha ile.

Baba yake alikataa wiki tatu. Mwisho akakubali kwa masharti mawili. La kwanza, asiende peke yake. Aende na Shiro, binti wa jirani yetu Peris, nesi wa Kikenya anayekaa jengo la pili. Wasichana wale wamekua pamoja. La pili, kila mji watakaofika apige simu nyumbani kabla ya kulala. Mimi nikaongeza langu: nikachukua kalamu ya wino usiofutika, nikaandika jina lake na namba yetu ya simu kwenye kitambaa, nikakishona juu ya shanta lake. Nilidhani nafanya la maana.

New York alipiga. Washington alipiga. Atlanta alipiga, lakini sauti ilikuwa nyengine. Shiro aliteleza kwenye ngazi, mguu umevimba kama andazi, na daktari amemwambia akae kitako wiki mbili. Bahati alikuwa na shangazi yake mji ule ule, akabaki huko. Miska akasema yeye anaendelea.

"Peke yako?"

Akasema ndiyo. Akanibembeleza nisimwambie baba yake. Nilimkatalia, nikamgombeza, kisha nikakubali, kwa sababu nilijua Sultan atamwamuru arudi na yeye hatarudi, na hapo mlango baina yao utafungwa. Nikamlazimisha jambo moja: anipe majina ya hosteli zote atakazolala mbele, na anwani, na siku. Nikayaandika kwenye karatasi, nikaibandika kwenye friji nyuma ya kalenda, Sultan asiione. Siku sita niliishi na siri ile. Kila mume wangu alipoliendea friji kuchukua maziwa, nilimwahi nikamtolea mwenyewe.

Sasa turudi kwenye simu.

Yule mtu akasema anaitwa Tom. Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu mzima kidogo, na kila sentensi mbili aliniita "ma'am". Alisema alikuwa basi moja na Miska, tangu New Orleans. Asubuhi ile basi lilisimama kwenye kijiji kimoja cha Texas watu wapate kahawa. Lilipoondoka Miska hakuwemo. Yeye alimwambia dereva, lakini dereva hakutaka kungoja. Shanta lake likabaki juu ya kiti, na yeye akalichukua lisije likapotea. Namba yangu ameiona kwenye kitambaa.

Ndizi zikaanguka chini.

"Hakurudi ndani ya basi? Kwa nini? Umemwona wapi mwisho?"

"Usiogope, ma'am. Nadhani alichelewa tu msalani, atapanda basi linalofuata. Nataka tu kumrudishia mali yake. Unajua atalala wapi leo?"

Nilikimbilia friji, nikang'oa karatasi, nikarudi nikitweta. Mji wenyewe sitautaja. Mpaka leo ulimi wangu haupendi kulitamka jina lake. Lakini siku ile nilimsomea yote, jina la hosteli, mtaa, namba ya nyumba. Nikamtamkia herufi moja moja, na yeye akarudia nyuma yangu kama mtoto wa chuo cha Kurani.

"Na rafiki yake bado yuko Atlanta na ule mguu?"

"Ndiyo, bado."

"Kwa hiyo yuko peke yake," akasema. Hakuuliza. Alisema hivyo tu, polepole, kisha akanishukuru. "Nitamtafuta mpaka nimpate, ma'am. Nakuahidi."

Akakata.

Nilibaki na mkono wa simu sikioni. Mtu aliyepanda basi New Orleans amejuaje mguu wa Shiro? Nikajiambia labda Miska alimsimulia, safari ni ndefu, watu huzungumza. Lakini mbona hakuniachia namba yake? Nikabonyeza 1471, ile namba ya kukwambia nani kapiga mwisho. Sauti ya mashine ikaniambia namba ya aliyepiga haipatikani.

Nikampigia Peris. Alikuwa amelala, ametoka zamu ya usiku hospitalini. Sikumaliza hata maelezo.

"Mama Miska, nakuja," akasema, na dakika tano baadaye alikuwa mlangoni kwangu na kilemba cha kulalia kichwani.

Tulikuwa bado tumesimama pale pale penye ujia simu ilipolia tena. Safari hii alikuwa Miska.

"Mum." Analia. "Mum, I'm OK. Listen to me."

Alizungumza haraka, kwa Kiingereza chake, na mimi nitasimulia kwa maneno yangu. Alikuwa kwenye duka la kituo cha mafuta, kwenye kile kijiji. Basi halikumwacha. Yeye ndiye aliyeliacha. Alijifungia choo cha wanawake akasimama juu ya bakuli, miguu isionekane chini ya mlango, mpaka aliposikia injini inaondoka. Mama mmoja muuza duka alimkuta humo, akamweka jikoni nyuma ya masanduku ya soda, akampa chai.

Kulikuwa na mwanamme. Walikutana naye hosteli ya Washington, mtu mwema, alipika wali na maharage sufuria nzima akawagaia wote jikoni. Shiro alimpenda, maana alimtengenezea kamera. Atlanta wakamkuta steshini, akacheka, akasema dunia ndogo. Halafu New Orleans. Miska alipofika hosteli ya New Orleans alimkuta amekwishaingia, na amewaambia watu wa mapokezi kwamba yeye ni rafiki yake na wanasafiri pamoja, akauliza kitanda chake ni kipi. Asubuhi Miska akakuta daftari lake la safari limewekwa mfuko mwengine, siyo ule aliouweka yeye. Akabadilisha basi. Alipopanda lile jipya, yule mtu alikuwa amekaa kiti cha nyuma yake. Hakumgusa. Hakusema neno baya. Alikuwa tu akiegemea mbele kila saa na kumwuliza kama amelala.

"Anaitwa nani?" nikauliza, na jibu nilikuwa nalo.

"Tom." Akavuta makamasi. "But it's fine now, Mum. Amechukua shanta, alichukue. Pasi yangu ya kusafiria ninayo kiunoni. Nitapanda basi la saa tano na nusu, nitafika saa nane, niende moja kwa moja hosteli nilale. Daftari halina jina la ile hosteli. Hakuna anayejua nitalala wapi leo. Ni wewe tu."

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili siku ile, na kwangu hili ni kubwa kuliko la kwanza. Nilinyamaza. Nilitaka kumwambia, neno lilikuwa mdomoni, lakini niliona aibu. Pumzi mbili, tatu. Nilipofungua kinywa na kusema "Mwanangu, sikiliza," kadi yake ya simu ilikuwa imekwisha. Nikasikia tuu, tuu, tuu, na namba ya duka lile sikuwa nayo.

Peris aliona uso wangu. "Umemwambia nini yule mtu?"

Nikamwambia.

Hakunilaumu. Alivuta kiti, akakaa mbele ya simu, akachukua karatasi yangu. "Pigia hosteli. Waambie wasimfungulie."

Nikapiga. Simu ililia mara nne, kisha ikapokea mashine. Sauti ya kijana mchangamfu ikasema ofisi na milango hufungwa kila siku kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, wageni wanaombwa kusubiri barazani. Niliangalia saa ya ukutani nikahesabu. Kule ilikuwa saa nne na robo. Wamefunga dakika kumi na tano zilizopita. Mwanangu atafika saa nane, atakuta mlango umefungwa, na atakaa barazani saa tatu. Na atakayekaa naye ni yule.

Peris akachukua simu. Akauliza kampuni ya simu namba za polisi wa mji ule, akapewa. Ofisa aliyepokea alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: amemgusa? Hapana. Amemtisha? Hapana. Ameiba shanta? Amesema anataka kulirudisha. Ofisa akasema anaelewa hofu yetu, ataandika, na gari likipatikana litapita mtaa ule. Sina la kumlaumu. Hata mimi nilipoisikia hadithi ile kwa sauti ya Peris, ilikuwa hadithi ya mtu mwema.

Kisha Peris akampigia binti yake Shiro kule Atlanta. Shiro alipolisikia lile jina alipiga ukelele. Jana, alisema, Tom alipiga simu pale kwa shangazi kumjulia hali ya mguu, na yeye hakupata kumpa namba. Tulipata kwake sura ya mtu: mrefu, mwembamba, ndevu nyekundu fupi, miwani ya waya, kofia ya kijani. Peris aliandika yote nyuma ya ile karatasi, na niliona mwandiko wake umeanza kupinda.

"Steshini," nikasema. "Lazima ashukie steshini. Tumkamate kabla hajatoka."

Kupata steshini kulituchukua saa mbili na zaidi. Mara simu haipokewi, mara tunaambiwa tungoje, muziki, kisha inakatika. Katikati ya hayo nikasikia ufunguo mlangoni. Saa kumi na mbili. Sultan.

Alimwona Peris na kilemba chake, ndizi sakafuni, mimi nimekaa chini ukutani. "Nani amekufa?" akauliza.

Nilimwambia yote. Sikuanza na Tom. Nilianza na Atlanta, kwa sababu nilijua lazima nianzie hapo. Alisikiliza amesimama na koti lake. Nilipomaliza alikaa juu ya sanduku la viatu, akaanza kufungua kamba za kiatu, akaacha.

"Siku sita, Zainab," akasema. "Siku sita umekula na mimi sahani moja."

Afadhali angenipigia kelele. Aliinuka, akamwambia Peris, "Dada, nipishe," akachukua simu, akaanza kupiga steshini, akikatwa anapiga tena, kidole kinabonyeza kama mashine.

Saa moja na nusu alipokea mwanamke. Alikuwa wa dawati la mizigo iliyopotea, jina lake Adelina. Sultan alieleza, akaanza vizuri, kisha sauti ikamkatika akanipa mimi simu. Nikamwambia mama yule: mwanangu anashuka saa nane, yuko peke yake, kuna mtu anamngojea, na mimi ndiye niliyemwelekeza.

"Nina mabinti watatu," akasema. "Amevaa nini?"

Sikujua. Nilikuwa na mtoto mmoja duniani na sikujua leo amevaa nini, wala kama kichwani ana mtandio au hana.

"Ana alama nyeusi ya kuzaliwa chini ya sikio," nikasema.

"Bibi, sitaweza kuchungulia masikio ya watu. Niambie anatembeaje."

Nikamtazama Sultan. "Anatembea kama baba yake. Kichwa mbele, kama anaingia kwenye mvua."

"Hilo linatosha," akasema Adelina. "Nitasimama mlangoni mwenyewe."

Peris akamsomea sura ya yule mtu. Kisha hapakuwa na la kufanya. Basi lilikuwa na nusu saa kufika. Jua la Agosti lilikuwa bado linapiga madirisha ya jengo la mbele, watoto wanacheza mpira chini, na mimi nikawachukia kwa furaha yao. Sultan alitandika msala pale pale ujiani, karibu na simu. Alisali, akamaliza, akabaki amekaa. Nilisikia anamtaja Miska kwa jina lake kamili, jina alilolichagua yeye.

Saa mbili yetu, saa nane ya kule, ikapita. Na dakika kumi. Na robo. Na ishirini. Nakwambia, sijapata kujua kwamba dakika moja ina vipande vingi hivyo.

Ikalia.

"Mama."

Hakusema Mum. Alisema Mama, na baada ya hapo alisema Kiswahili, kibovu, cha mtoto wa miaka minne.

"Mama, mimi nasema Kiswahili. Yeye yuko hapa. Mimi sitaki yeye kujua."

"Uko wapi, mwanangu?"

"Ndani ya ofisi ya mama Adelina. Kuna kioo. Yeye yuko nje ya kioo. Ana shanta yangu juu ya miguu. Anafanya hivi na mkono." Akavuta pumzi. "Anasema bai-bai kwa mkono. Anacheka."

Baadaye tulijua kwamba Tom hakukaa barazani kwa hosteli. Alikwenda, akakuta imefungwa, akajua kwamba Miska lazima ashukie steshini, akarudi huko kumngoja. Miska aliposhuka, Adelina alimjua kwa mwendo wake na kumshika mkono. Lakini yule mtu naye alifika. Alimwambia Adelina kwamba yeye ni mchumba wake, wamegombana kidogo, na amemletea mzigo wake. Alisema kwa upole, Miska akaona Adelina anasita. Sasa alikuwa amekaa kando ya kioo na kidirisha kiko wazi, kila neno analisikia.

"Mama, yeye anasema wewe ulimwambia. Anasema mama yako mzuri sana."

"Ni kweli," nikasema. "Mimi nilimwambia. Nisamehe. Nilidhani anakusaidia."

"Najua," akasema. "Mimi pia nilidhani."

Sultan alitia sikio lake karibu na langu. "Miska, baba hapa. Usitoke humo. Shanta asikupe, usilishike, usimjibu. Mpe simu yule mama."

Peris ndiye aliyesema na Adelina, kwa sababu sisi wawili hatukuwa na sauti. Alisema kwa sauti ya nesi mkuu wa wodi: yule si mchumba, binti hamjui, anamfuata tangu Washington, polisi wa mji wako wana taarifa. Tukasikia Adelina anafunga kidirisha. Tukasikia anamwita mlinzi kwa redio.

Kisha tukasikia kelele za steshini tu, vipaza sauti vinataja miji. Miska alishika simu tena, akatusimulia anachokiona, kwa kile Kiswahili chake, neno moja moja. Mlinzi anakuja. Mtu mkubwa. Anamwuliza. Anataka kitambulisho. Tom anasimama. Anatabasamu. Anaweka shanta chini, polepole, kama mayai. Ananitazama mimi. Anatoka.

"Anakimbia?" Sultan akauliza.

"Hapana," Miska akasema. "Anatembea tu."

Mpaka leo hilo ndilo linalonijia. Angekimbia ningelala vizuri zaidi.

Polisi walifika baadaye, wakaandika maelezo yake, wakatazama ndani ya shanta. Nguo zote zilikuwemo, zimekunjwa upya, vizuri kuliko Miska alivyozikunja yeye. Daftari halikuwemo. Na kile kitambaa nilichokishona, chenye namba yetu, kilikuwa kimekatwa kwa mkasi, uzi hata mmoja haukuning'inia.

Usiku ule Miska alilala nyumbani kwa Adelina, chumba kimoja na binti zake. Siku ya pili Adelina mwenyewe alimpandisha basi la kurudi Atlanta, akamkalisha nyuma ya dereva, akamkabidhi kwa dereva kwa jina. Alikaa kwa shangazi yake Shiro mpaka siku ya tikiti zao za ndege, na kila siku saa mbili usiku nilimpigia. Sultan hakusema na mimi isipokuwa la lazima muda wa wiki mbili. Siku tulipokwenda Heathrow kuwapokea, kwenye treni, alinishika mkono bila kunitazama, na mimi nikajua yamekwisha, au yamekaribia.

Miska alikonda. Kwa miezi alikuwa akishuka basini kituo kimoja kabla ya chetu, kisha anatazama nyuma. Na simu yetu ikaanza kulia, mchana, bila mtu kusema. Sultan alisema ni wale wanaopiga simu majumbani kuuza madirisha. Mwezi wa Oktoba nilipokea mimi.

"Habari za mchana, ma'am," sauti ikasema. "Miska alifika salama?"

Niliweka mkono wa simu chini, nikachomoa waya ukutani, nikakaa sakafuni mpaka Sultan aliporudi. Tulipeleka taarifa polisi wa Woolwich. Tukabadilisha namba, na jamaa wote wa Pemba na Dubai na Muscat ikabidi wapewe mpya mmoja mmoja. Hakupiga tena. Sijui yuko wapi, wala kama lile ni jina lake kweli.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei, Miska aliingia jikoni nikiwa nakuna nazi. Akasema anataka kurudi. Anaanzia kwa Adelina, ambaye wanaandikiana barua, kisha anapanda basi kuelekea magharibi mpaka California, na Shiro pamoja naye. Hosteli zile zile, basi lile lile.

"Kwa nini?" nikamwuliza. "Kuna nini huko?"

Akasema asipokwenda, yule mtu atakuwa bado amekaa kiti cha nyuma yake.

Baba yake alikataa. Mimi nikamwambia Sultan, mbele ya Miska, bila kuficha, kwamba nataka aende. Alinitazama kana kwamba nimegeuka mtu mwengine. Tulibishana siku nne. Siku ya tano alimletea filimbi ya refa, ile ya chuma, akamwambia aivae shingoni.

Walikwenda wiki tatu. Alipiga kila mji. Watu wananiuliza kama safari ile ya pili ilinipa utulivu, nami husema kweli: niliogopa siku zote ishirini na moja, kuanzia alfajiri niliyomfunga mkanda wa shanta lake pale mlangoni mpaka saa aliyorudi, ameungua jua, ananuka basi, anauliza kuna chakula gani.